Anayemalizia Ndiye Mwenye Kauli: Michango na Utetezi kwa Asasi Ndogo

Kwenye njia panda ya Bladensburg, mji mdogo wa Maryland ulio jirani na Washington, D.C., umesimama msalaba wenye kimo cha mita 12 hivi. Ni kumbukumbu ya wanaume 49 wa Prince George's County waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwishoni mwa 1918 wakazi waliunda kamati, wakachanga, ujenzi ukaanza. Kufikia 1922 mfuko ulikuwa umekauka na kazi imesimama. Tawi la American Legion, chama cha askari wastaafu, likaichukua kazi na kuimaliza 1925. Mwaka 1961 msalaba na kiwanja chake vikaingia mikononi mwa tume ya umma inayosimamia bustani na mipango miji, ikawa inautunza kwa fedha za walipa kodi. Hapo ndipo ilipozaliwa kesi ya wanaopinga alama ya dini kwenye ardhi ya umma. Ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 20 Juni 2019 majaji 7 dhidi ya 2 wakaamua msalaba ubaki.

Watu wengi huikumbuka kesi hiyo kwa mambo ya dini na serikali. Anayeendesha asasi ndogo ana sababu nyingine ya kuitazama. Waliotoa wazo walipoishiwa, uamuzi uliwatoka, ukahamia kwa aliyekuwa na fedha za kumalizia, kisha kwa aliyekuwa na fedha za kutunza. Kwa hiyo kabla hujatangaza mchango wa kwanza, hesabu gharama ya kuanza, ya kumaliza na ya kutunza kwa miaka kadhaa. Kama hesabu haifiki, punguza mradi.

Fedha zenyewe lakini huja nyuma ya watu. Mfano mzuri uko Bladensburg hapohapo. Anacostia Watershed Society, asasi iliyoanzishwa 1989 na Robert Boone, ina makao yake katika jumba la kale liitwalo George Washington House, karibu na mto Anacostia. Mto huo ulikuwa umechafuka kiasi cha watu kuupa mgongo. Asasi iliwaalika kuokota takataka, kupanda mimea ya kingo, kupiga makasia. Mtu aliyezoa mifuko ya plastiki kwa mikono yake hahitaji hotuba ndefu ya kumshawishi achangie.

Kisha wakahesabu walichookota. Katika mpango walioiandalia idara ya mazingira ya Washington mwaka 2008, mifuko ya plastiki ilionekana kuwa sehemu kubwa ya taka, hasa kwenye vijito vinavyolisha mto. Takwimu hizo ziliingia kwenye mjadala wa baraza la jiji, na kuanzia tarehe 1 Januari 2010 kila mfuko wa kutupwa kwenye maduka ya Washington yanayouza chakula au vileo ukatozwa senti 5, sehemu kubwa ya tozo ikienda kwenye mfuko wa kusafisha mto. Wakenya waliopiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, na Watanzania Juni 2019, wanaweza kutabasamu wakisikia senti 5. Lakini hatua ndizo za kutazama: watu kwanza, ushahidi pili, ombi la sheria tatu. Asasi nyingi zetu sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Marekani huanzia mwisho, zikimwandikia diwani barua ya kurasa nne kabla hajawahi kuona sura ya mwanachama hata mmoja.

Kwa hiyo nenda kwenye kikao cha halmashauri ya mji kabla hujawa na la kuomba. Keti, sikiliza, jitambulishe ukitoka. Bladensburg ina wakazi wasiofika 10,000; katika mji wa kiasi hicho meya na madiwani hukufahamu kwa jina upesi. Na usiwasahau majirani. Wengi hapo ni Wamarekani weusi na watu wanaosema Kihispania, kwa hiyo tangazo la Kiswahili na Kiingereza pekee linamwacha nje jirani wa ukuta mmoja.

Sasa karatasi. Asasi ya Maryland husajili hati zake kwenye idara ya jimbo inayoitwa SDAT, kisha huchukua namba ya kodi kutoka IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani. Namba hiyo ni bure. Anayekudai ada kwa kazi hiyo anauza kisicho chake. Maombi ya hadhi ya 501(c)(3), yaani ya asasi ya hisani iliyosamehewa kodi, yana njia mbili. Asasi inayotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka, na yenye mali isiyozidi dola 250,000, kwa kawaida inaweza kutumia Fomu 1023-EZ, ambayo ada yake imekuwa dola 275. Fomu ndefu, 1023, imekuwa dola 600. Ukiomba ndani ya miezi 27 tangu kuundwa, hadhi hurudi nyuma hadi siku ya kuzaliwa kwa asasi. Tena kabla ya kuanza kuchangisha Maryland, pita ofisi ya Katibu wa Jimbo. Hata asasi yenye makusanyo madogo inayosamehewa usajili kamili ina taarifa ya kuwasilisha. Washington na Virginia zina taratibu zake, na wachangaji wako bila shaka wanaishi kote huko.

Baada ya hapo kinachoua asasi ndogo ni kusahau. Yenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 hujaza 990-N, taarifa fupi ya mtandaoni inayochukua dakika chache. Ukiiacha miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe. Tarehe ya mwisho ni 15 Mei kwa wanaofunga hesabu Desemba. Ile ya ripoti ya mwaka ya SDAT ni 15 Aprili. Ziandikwe kwenye simu za watu wawili, maana katibu akihama kwenda Texas huondoka na kumbukumbu zote.

Jambo linalotugusa zaidi sisi watu wa Afrika Mashariki ni kuchanganya mifuko. Mwenzetu anafariki, mwili unatakiwa ufike Moshi au Kisumu, na usiku huohuo grupu la WhatsApp linajaa majina na dola mia mia. Ni desturi njema na sitaki ife. Ila mchango kwa familia moja iliyotajwa jina si hisani kwa jicho la IRS, na aliyetoa hapati nafuu ya kodi. Hisani inalenga kundi pana la wahitaji, wasiochaguliwa kwa undugu na viongozi. Mfuko wa kufa na kuzikana unaowanufaisha wanachama wenyewe uwe na akaunti yake na kamati yake, mbali na ule wa darasa la watoto au chakula cha wahitaji. Zaidi ya yote, fedha za asasi zisikae kwenye Cash App ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Fungua akaunti ya benki kwa jina la asasi, yenye watia saini wawili. Anayetoa dola 250 au zaidi apewe barua ya kumshukuru inayotaja kiasi na kama alipokea chochote badala yake. Bila barua hiyo hawezi kudai nafuu yake.

Kuhusu siasa, woga wetu umezidi. Asasi ya 501(c)(3) imekatazwa kabisa, tangu 1954, kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Kushawishi sheria ni suala lingine, linaruhusiwa kwa kiasi. Ukijaza Fomu 5768 ya IRS, kipimo kinakuwa fedha zinazotumika kushawishi: hadi asilimia 20 ya matumizi kwa asasi yenye matumizi ya hadi dola 500,000, na robo tu ya kiwango hicho kwa kuhamasisha umma upige simu kwa wabunge. Kazi ya wanaojitolea bila malipo haigharimu, kwa hiyo haili kiwango hicho. Kumweleza diwani taa za barabarani zinazokosekana bila kutaja sheria yoyote hakuhesabiwi kabisa.

Ikiwa fedha zinakwenda shule ya Kigoma au zahanati ya Goma, asasi ya Marekani haiwezi kuwa bomba la kupitishia tu. Bodi ichague mradi, ibaki na haki ya kukataa, iandikiane mkataba na watekelezaji, na itume kwa awamu. Awamu ya pili isitoke kabla stakabadhi za ya kwanza hazijafika na kuingizwa kwenye kumbukumbu za kikao.