Matunzo hayangoji talaka

Swali: Kesi yetu ya talaka iko mahakamani Nakuru. Mume wangu anasema hatalipa karo hadi iamuliwe, tena hadi awaone watoto. Nifanyeje?

Jibu: Dada, usingoje. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au la; hivyo mtoto hali kwa hisani ya ndoa. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, iombe Mahakama ya Watoto amri ya muda ya matunzo, ukibeba risiti za karo, za kodi ya nyumba na taarifa za M-Pesa. Kuwaona watoto ni ombi halali, nawe usimzuie pasipo hatari kwao. Lakini haki hiyo hainunuliwi kwa karo. Akidai hana kitu, mahakama itapima mapato yenu nyote wawili, hata awe kibarua wa shamba la maua Naivasha.