Kabla ya Kupandisha max_connections

Seva ya PostgreSQL ikianza kukataa wateja kwa ujumbe wa "too many clients already", wengi hukimbilia max_connections: 100 ya chaguo-msingi iwe 500, seva iwashwe upya, basi. Naona hapo ugonjwa unafichwa tu. Chukua tovuti ya matokeo hapa Kigali, dakika ambayo NESA, mamlaka ya mitihani ya Rwanda, inatangaza matokeo ya mitihani ya taifa na wazazi wa nchi nzima wanashika simu. Tuseme yanaingia maombi 200 kwa sekunde, kila moja likishika muunganisho kwa milisekunde 20. Zidisha: miunganisho 4 tu inatosha. Jedwali likikosa indeksi kwenye namba ya mtahiniwa, ombi lilelile likachukua sekunde 2, utahitaji 400. Watu ni walewale, kilichoongezeka ni muda.

Ndiyo maana naanzia pg_stat_activity, nikihesabu miunganisho kwa safu ya state. Ingia kama msimamizi mkuu, kwani ametengewa nafasi 3 hata seva ikijaa (mradi programu yako haiingii kwa jina hilohilo, kosa la kawaida mno). Miunganisho ya "active" ikizidi, tafuta ombi linalochelewa na ulipime kwa EXPLAIN ANALYZE. Ikizidi ya "idle in transaction", msimbo umefungua muamala kisha ukaenda kungoja kitu kingine, labda jibu la malipo ya simu. Weka idle_in_transaction_session_timeout, halafu urekebishe msimbo wenyewe. Ikizidi ya "idle" tupu, hesabu seva za programu: 8 zenye akiba ya miunganisho 20 kila moja ni 160, na namba hiyo hakuna aliyeiandika popote.

Utaniambia RAM siku hizi ni rahisi. Sawa, lakini kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili, na prosesa yenye viini 8 haiwezi kuhudumia 500 kwa pamoja. Michakato hiyo inagombania diski na kufuli, kila ombi linachelewa, na kuchelewa kunadai miunganisho zaidi. Afadhali PgBouncer isimame katikati, igawe michache kwa wengi. Wapo wanaoikwepa kwa kuwa ilivuruga maombi yaliyoandaliwa mapema katika hali ya muamala, lakini toleo 1.21 la 2023 lililimaliza hilo, ukiweka max_prepared_statements, ingawa LISTEN bado haifai humo. PgBouncer haiponyi ombi zito, foleni inahamia kwake tu. Kwa hiyo query_wait_timeout yake, ambayo huja na sekunde 120, mimi ningeishusha hadi 10: mzazi apate jibu la "jaribu tena" kabla hajabonyeza mara tano.