Kabla ya Kuchapa, Pima kwa Kadi ya Benki

Umepangiwa TP kijijini Chunya, unachora kadi za silabi kwenye tableti, kisha unazipeleka mjini kuchapwa. Zikitoka ndogo, mtoto wa dawati la nyuma hasomi, na nauli imeshakwenda.

Usiamini ile asilimia 100. Programu nyingi huhesabu nukta, na vioo havilingani: iPad nyingi zina nukta 264 kwa inchi, iPad mini 326.

Fanya hivi. Ndani ya kazi hiyohiyo, chora mstatili wa milimita 85.6 kwa 54, ukubwa wa kadi ya benki. Weka kadi yako juu ya kioo, kuza au punguza mpaka vilingane. Sasa unaona ukubwa halisi. Egemeza tableti ubaoni, nenda dawati la nyuma, soma. Husomi? Basi usichape.