Ngome ya Gormaz
(Somo la Historia)

Katika wilaya ya Soria, huko Hispania, kipo kilima kirefu kilicho karibu na mto Duero. Juu yake zimesimama kuta za Ngome ya Gormaz. Mgeni apandaye huko huliona bonde lote, na papo hapo hufahamu kwa nini ilijengwa mahali hapo. Katika karne ya 10 nchi hii ilikuwa mpakani: kusini ilitawala dola ya Kiislamu ya Khalifa wa Cordoba, na kaskazini falme za Wakristo. Kwenye mwaka 965 Khalifa Al-Hakam wa Pili aliamuru ngome hii ijengwe upya.

Yako mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, ukubwa wake. Urefu wake wakaribia mita 400, na mzunguko wa kuta wapita kilomita moja. Upande wa mashariki yalikuwapo makao ya mkuu wa ngome. Upande wa magharibi uliachwa wazi ili jeshi lipate mahali pa kukaa. Pili, lango la kusini, lenye matao ya umbo la kwato za farasi, kama yale ya msikiti mkuu wa Cordoba. Tatu, birika la maji, kwani askari wasio na maji hawawezi kustahimili kuzingirwa. Wahispania huliita birika *alberca*. Neno lao na letu yote mawili yatokana na Kiarabu.

Mwaka 975 majeshi ya Wakristo yaliizingira Gormaz. Kuta zikastahimili, hata Jemadari Ghalib akaja akawashinda. Lakini mwaka 1009 wakuu wa Cordoba walianza kupigana wao kwa wao, na mwaka 1031 dola yao ikavunjika, ikawa falme ndogo ndogo zenye kuhasimiana. Mwaka 1060 Mfalme Fernando wa Kwanza aliitwaa Gormaz. Kuta zilikuwa zile zile. Kilichopungua ni umoja wa wenyewe. Baada ya Toledo kutwaliwa mwaka 1085, mpaka ulisogea mbali kusini, na ngome ikapoteza kazi yake kubwa.

Basi tujifunze kwamba jiwe halilindi watu waliofarakana. Kikulacho ki nguoni mwako.

Maswali
1. Kwa nini upande wa magharibi uliachwa wazi?
2. Gormaz ilistahimili mwaka 975. Mbona ilitwaliwa mwaka 1060?
3. Mpaka ukihama, ngome hupatwa na nini?