Nyumba ya peke yake au pacha?

Swali: Tunatafuta nyumba Kigamboni. Iliyosimama peke yake ni ghali kuliko pacha yenye vyumba vilevile. Tofauti hiyo inalipa?

Jibu: Ukipata kiwanja kikubwa, ndiyo. Jengo huchakaa, ardhi hupanda bei. Hata hivyo, pacha yenye hati naipenda kuliko nyumba ya peke yake yenye mkataba wa muhuri wa serikali ya mtaa tu. Muulize muuzaji kama hati imegawanywa, na shimo la choo ni la nani. Kisha panda darini: ukuta wa kati ufike hadi kwenye bati. Ukiishia kwenye dari, moto wa jirani utapita juu, na mwizi pia. Kabla ya kulipa hata shilingi, fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi.