Uchawi Katika Hadithi za Picha: Mpaka Wake ni Wapi?



Somo letu la mara hii ni la wale wanaopenda kuchora na kuandika hadithi za picha, zile tunaziita "bede". Tutaangalia namna ya kumwandika mtu mwenye uchawi katika hadithi ya shujaa. Ni kazi ya nguvu. Mtu wa kawaida akifungwa kamba, msomaji anaogopa: atatokaje? Lakini mchawi akifungwa, msomaji anasema tu: "Atasema neno moja, kamba itakatika." Woga umekwisha, na hadithi pia imekwisha. Kama shujaa eko na dawa ya kila kitu, juu ya nini tugeuze ukurasa?

1. Wengine walifanyaje?

Superman alitokea Marekani mwaka 1938, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster. Nguvu zake ziliongezeka mwaka kwa mwaka, hata kumpatia adui wa kutosha ikawa shida. Ilikuwa lazima apewe udhaifu: jiwe la kryptonite linamlegeza, na uchawi unampata sawa vile unaweza kumpata mtu mwingine.

Mandrake wa Lee Falk (1934) ni mchawi mwenyewe, lakini uwezo wake uko na mpaka: anadanganya macho ya watu. Bunduki inaonekana nyoka, kumbe ni bunduki bado. Msomaji anajua hivyo, kwa hiyo anaogopa pamoja naye.

Doctor Strange, wa Stan Lee na Steve Ditko (1963), alikuwa daktari wa kupasua watu. Ajali ya motokari iliharibu mikono yake. Tunamfuata zaidi juu ya ile mikono kuliko juu ya uchawi wake: anapigana na pepo wakubwa, lakini kisu cha daktari hawezi tena kukishika.

Kanuni ya kwanza: onyesha mapema kile ambacho uchawi hauwezi.

2. Biblia na wazee wetu

Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Tusome Kutoka, sura ya 7 na ya 8. Waganga wa Farao waligeuza fimbo kuwa nyoka na maji kuwa damu, wakaleta vyura. Walipofika kwa chawa, wakashindwa. Tuangalie tena: waliweza kuongeza vyura, lakini ili vyura waondoke, Farao alimwita Musa amwombe Mungu. Mwandishi hakuwanyima waganga kila uwezo. Alionyesha mahali uwezo wao unaishia, na hapo ndipo tunatambua mkono wa Mungu.

Waswahili wa pwani wanasimulia habari za Fumo Liyongo, ambaye silaha haikumuua, ila sindano ya shaba kitovuni. Shaba, ndugu zetu, ile inayochimbwa hapa kwetu! Na aliyemchoma ni mtoto wake mwenyewe.

Waluba nao wako na Kalala Ilunga. Nkongolo alichimba shimo, akaweka mikuki ndani, akalifunika kwa mikeka, akamwita Kalala acheze. Mpiga ngoma alimwonya kwa mlio wa ngoma. Kalala akaruka, akakimbia mpaka ng'ambo ya Lualaba. Mganga Mijibu alikuwa upande wake, lakini miguu iliyoruka ni ya Kalala.

Kanuni ya pili: uchawi unaweza kuonya ao kusaidia, kuamua na kutenda kubaki kwa mtu.

3. Hatari iliyo kwetu

Doctor Strange akichorwa kule New York, hakuna jirani anayefukuzwa nyumbani. Kwetu, neno "mulozi" linaweza kumtupa mtu barabarani. Mtoto anasingiziwa juu baba amepoteza kazi. Bibi mzee juu macho yake ni mekundu. Katiba ya nchi ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na inasema sheria itaadhibu jambo hilo.

Sasa tufikiri bede moja: wakati wa mvua, shimo la wachimbaji limebomoka. Udongo umelowa, na miti ya kuushikilia haikuwekwa. Katika ukurasa wa mwisho mganga anamnyooshea bibi mmoja kidole, na watu wote wanashangilia. Mchoraji huyo amekosa mara mbili. Amemaliza hadithi kwa jibu la bure. Tena amefundisha wadogo zetu kwamba kila msiba uko na mulozi nyuma yake. Na mwenye kuagiza kazi bila miti amekwenda zake, hakuna aliyemwuliza kitu.

Pie Tshibanda, aliyezaliwa Kolwezi mwaka 1951, alitoa mwaka 1981 kitabu kinachoitwa Je ne suis pas sorcier, maana yake "Mimi si mulozi". Mwaka 1989 ikatoka bede aliyoandika maneno yake, Alerte à Kamoto, yenye jina la mgodi tunaoujua wote. Basi tusiseme kwamba bede ni mambo ya Wazungu, ao kwamba mji wetu hauna hadithi.

Kanuni ya tatu: katika bede yako, uchawi usiwe jibu la swali "Nani ameleta msiba huu?"

4. Maswali ya kazi

a) Soma Waamuzi 16. Nguvu za Samsoni zilikuwa na mpaka gani? Nani aliujua?
b) Simon wa Matendo 8 alitaka kununua nini? Mtu wa namna ile, ungemchora na uso gani?
c) Chora kurasa mbili za ile bede ya shimo. Mganga anaweza kuwemo. Lakini kabla ya picha ya mwisho, mtu mmoja aulize: "Miti iko wapi?"