Mti wangu umeangukia kwa jirani: Nani alipe?

Wengi wetu tunaoishi mijini tuna shamba la urithi kijijini ambalo tunalikumbuka wakati wa Idi na misiba. Upepo ukivuma huko ukaangusha miti, habari zinatufikia kwa simu, na neno la kwanza midomoni mwetu ni kwamba hiyo ni kadari ya Allah (SW). Neno hilo ni la haki. Tatizo ni pale tunapolitumia kufunga suala ambalo sheria yenyewe haijalifunga.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Marehemu baba alituachia shamba la kahawa Mbozi Mission, kwenye kituo kikongwe cha Wamoraviani kilichoanzishwa mwaka 1899, siku hizi mkoa wa Songwe. Mpakani alipanda milingoti. Jirani yetu wa upande huo ni mzee wa kanisa. Kiangazi kimoja alinipigia simu: "Mwanangu, ule mlingoti wa kona umeinamia kwangu, na udongo umepasuka shinani. Tafuta mtu aukate kabla ya mvua." Nikamjibu, "Nimekusikia, mzee." Hela nilikuwa nayo. Miezi mitatu ikapita. Novemba, mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, upepo uliung'oa na mizizi yake, ukavunja paa la jiko lake na kuilalia mibuni yake kumi na moja, ndiyo kwanza imetoa maua.

Alinipigia kunipa habari, hakudai kitu. "Kazi ya Mungu, mwanangu," akasema.

Mafaqihi walikwisha kuijadili hali hii katika mas-ala ya ukuta ulioinama. Mtu amejenga ukuta wake umenyooka, baadaye ukainamia kwa jirani, kisha ukaanguka na kuharibu mali. Je, anadhamini? Mahanafi wanasema kama alitakiwa auondoe, akawa na muda na uwezo, asiuondoe, atalipa. Kwa Mashafi, kauli yenye nguvu katika Minhaj ya Imamu Nawawi ni kwamba halipi, maana aliujenga katika milki yake ukiwa umenyooka, na kuinama si kitendo chake. Ipo kauli nyingine humo humo kwamba analipa iwapo aliweza kuubomoa au kuutengeneza. Mti nao unapimwa kwa ukuta. Ama mti mzima uliosimama wima, ukaangushwa na upepo bila ya dalili yoyote ya kabla, mwenyewe hana uzembe wa kumlipisha.

Basi mimi, Mshafi mwenye shahada, nilikuwa na mlango wazi wa kutokea. Sitaficha kwamba niliukodolea macho usiku kucha. Kilichonizuia ni swali dogo: kama mti ungekuwa wa yule mzee, jiko likawa la mama yangu, na simu ile nikawa nimeipiga mimi, ningeifungua kauli ya nani? Mtu anayechagua madhehebu kwa kuangalia mti umelalia upande gani hatafuti hukumu, anatafuta nafuu. Tena aya ya 36 ya Suratun-Nisaa imemtaja na jirani wa mbali, na wapo wafasiri waliosema huyo ni jirani asiye Mwislamu.

Wengine watasema, si alikwisha kusamehe? Hapana. Aliitaja kadari tu, kwa kuwa hakujua kwamba anaweza kuwa na haki ya kudai. Mashafi hao hao hawakubali msamaha wa deni ambalo mwenye kusamehe halijui. Ilinibidi kwanza nimweleze haki yake, ndipo aamue.

Nikapanda basi. Gogo lilibaki kuwa mali yangu, na kuliondoa kwake ni juu yangu, kama mbegu iliyochukuliwa na mafuriko ikaota shamba la mwingine: Minhaj inasema mwenye mbegu atalazimishwa kuing'oa. Hapa nitoe tahadhari, maana watu wanakufa. Mti uliong'oka na mizizi, ukishakatwa shina, kisiki chaweza kurudi wima ghafla na kumfukia aliyesimama shimoni. Watoto wasisogee, na kazi hiyo apewe mzoefu wa msumeno. Kama umeangukia nyaya za umeme, usiuguse. Waite TANESCO kwanza.

Bati za jiko zilikuwa hesabu rahisi. Kahawa ndiyo iliyotuweka mpaka magharibi. Mimi nilifikiria bei ya miche kumi na moja, mzee akacheka. Mbuni uliovunjika haung'olewi. Unakatwa kwa mshazari, kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, ukichipua unaachiwa machipukizi mawili au matatu, na baada ya kama miaka miwili unaanza kuzaa tena. Kwa hiyo hasara yake ilikuwa mavuno ya misimu hiyo iliyo katikati. Nikakiri hesabu yake. Akanisamehe nusu, safari hii akijua anachokisamehe, na nusu nyingine nikamlipa kwa awamu mbili.

Milingoti minne iliyobaki mpakani tuliikata Agosti iliyofuata. Mmoja ulikuwa mzima kabisa, na mama mpaka leo ananidai kivuli chake.